Joto la ITER litatokea wapi? Kompyuta ndiyo inatafuta jibu

Mu mbabula, majivu yanaanguka chini, na mama asipoyatoa moto unazimika. Mashine ya ITER, ile inchi nyingi zinajenga pamoja kule Cadarache, kusini mwa Ufaransa, iko na shida ya namna hiyo. Ila yake majivu yanatoka pamoja na joto la kuyeyusha chuma.

ITER ni tokamaki: chumba cha mviringo kama pneu ya gari, ambamo gesi ya hidrojeni itapashwa moto mpaka digrii milioni 150 na kuwa plazma. Mu joto hilo viini vya atomu vinaungana na kutoa nguvu. Sumaku kubwa zinashika plazma isiguse ukuta. Lakini pembeni, siku zote kuna inayovuja, na inatelemka mpaka chini, mahali panaitwa diverta. Pale kuna vipande 54 vilivyofunikwa na tungsteni, chuma kinachotoka mu wolframiti ile wachimbaji wa Kivu na Maniema wanaijua vizuri. Inayeyuka ku digrii 3.422.

Joto litakalopita kwa njia hiyo ni karibu megawati 100. Inapita nguvu ya Ruzizi ya 1 na ya 2 ukizijumlisha, na yote inaanguka juu ya ukanda mwembamba sana. Vipande vile vimetengenezwa kuvumilia megawati 10 ku kila metre ya mraba: mara 10.000 ya jua kali la saa sita.

Je, itatosha? Hapo ndipo kompyuta, ao ordinatere kama wengi wanavyosema hapa, inaingia. Programu inayotumiwa sana inaitwa SOLPS-ITER. Inakata pembe ya plazma mu vipande vidogo-vidogo. Sehemu moja ya programu inahesabu plazma kama maji yanayotiririka. Ingine inafuata atomu zisizo na chaji, moja moja, kwa kutupa kura kama mu mchezo wa bahati. Zinapeana majibu, zinarudia, mpaka zipatane. Hesabu moja inaweza kuchukua miezi.

Faida yake ni kwamba mtu anaweza kujaribu bila kuunguza kitu. Mufano: ukitia neoni kidogo, gesi hiyo inageuza joto kuwa mwangaza unaosambaa pande zote, na plazma inapoa mbele ya kugusa tungsteni. Lakini ukizidisha, neoni inaingia katikati na kuharibu moto wenyewe. Ni sawa na chumvi mu sombe.

Shida iko hapa. Programu hiyo haihesabu yenyewe vile plazma inavyotikisika na kupanuka kwa upande. Namba hiyo mtu anaichagua, kufwatana na vipimo vya mashine ndogo. Vipimo hivyo vinaonyesha ukanda wa joto wa karibu milimita 1 tu mu ITER. Programu ingine, XGC ya Princeton kule Marekani, yenye kufuata mitikisiko hiyo, ilitoa mu mwaka wa 2017 zaidi ya milimita 5. Tofauti hiyo si ndogo hata kidogo: joto lile lile, ukanda mara tano.

Hakuna mashine ya ukubwa huo ya kuwaamua. Kwa ratiba iliyotangazwa mu 2024, ITER itaanza utafiti mu 2034.