Rangi Zilizo Katika Jiwe



Leo tulitazame jiwe la thamani liitwalo opali. Huchimbwa sana huko Australia, mahali kama Coober Pedy, ambako lilipatikana mwaka wa 1915. Ukiligeuzageuza mkononi utaona nyekundu, kijani na buluu zikimetameta na kuhama. Je, rangi hizo zatoka wapi?

Mwaka wa 1964 wataalamu wa Australia walieleza waliyoyaona kwa hadubini ya elektroni. Jiwe halikutiwa rangi. Ndani yake mna vitufe vya silika, kitu kile kile kilichomo katika mchanga, pamoja na maji kidogo. Ni vidogo mno, hata vipatavyo 4,000 vyaweza kupangwa katika urefu wa milimita moja. Vimekaa safu juu ya safu, kama machungwa yaliyopangwa vizuri sokoni.

Mwanga mweupe una rangi zote. Ukipita katika safu hizo hutawanyika, kila rangi ikashika njia yake. Penye vitufe vikubwa zaidi hata nyekundu huonekana. Penye vidogo sana huonekana buluu.

Lakini iko opali nyingine isiyometameta. Nayo pia ni silika na maji, ila vitufe vyake havilingani, au vimerundikana ovyo. Mwanga huingia, lakini rangi zile hazitokei.

Ndugu wapendwa, hapo tujipime. Liko kanisa ambalo wazee hawasemezani kwa sababu ya cheo, na kwaya mbili hazitaki kuketi pamoja. Wote wamebatizwa, na Neno wanalohubiriwa ni moja, lakini jirani akiingia haoni uzuri wa Kristo. Si vipawa vilivyokosekana. Ni watu kukaa mahali pao kwa upendo.

Nawe mama ufagiaye kanisa kila Jumamosi, usijidharau. Kitufe kimoja hakionekani kwa macho, lakini safu zote zimefanywa na vitufe kama hicho.

Tena tukumbuke, opali gizani haina rangi. Nuru si yake. Nasi nuru yetu ni Kristo.

Basi kabla ya Jumapili, mwendee yule usiyesemezana naye, mkapatane.

Tuombe: Ee Bwana, utuweke kila mmoja mahali pake, ili nuru yako ionekane kwetu. Amina.