Watatu wa taa ya Eilean Mòr: ajali ya kazi

Sisi watu wa mine tunajua ile saa ekipe haipande, na bamama wanakuja kusimama ku mlango bila mtu wa kuwajibu. Ndugu wa kazi, hii habari ni ya bahari ya mbali. Wengi wanaisimulia sawa hadithi ya mapepo. Sisi tunaisoma kama ajali ya kazi.

Eilean Mòr ni kisiwa kidogo cha Flannan Isles, karibu kilometa 30 magharibi ya Lewis, kule Scotland. Majabali na majani, kijiji hakuna. Idara ya taa za bahari, Northern Lighthouse Board, ilianza kujenga pale mu 1895. Mawe yote yalivutwa kutoka mashua mpaka juu ya jabali. Mnara wa meta 23 uliwaka tarehe 7 Desemba 1899. Walinzi watatu walikaa juu, wa nne akipumzika. Telefone hapana. Kwa kuita msaada walitundika alama ku miti, mtu wa Lewis aangalie. Ukungu ukishuka, haoni kitu.

Usiku wa 15 Desemba 1900 meli Archtor ilipita, taa haikuwaka. Habari haikufika kwa wakubwa upesi. Hesperus, meli ya kubadilisha walinzi, ilingojewa tarehe 20, lakini bahari mbaya iliizuia mpaka 26. Mlinzi Joseph Moore alipanda wa kwanza. Jiko baridi, vitanda vitupu. Taa ilisafishwa, mafuta imejaa: kazi ya asubuhi ilikuwa imekwisha. (Ile chakula iliyoachwa ku meza ilitoka mu shairi la Wilfrid Wilson Gibson la 1912. Vyombo vya jikoni vilikutwa safi.)

Mukubwa wao, Robert Muirhead, alikuja tarehe 29 kufanya anketi. Ku gati la magharibi alikuta sanduku la kamba limevunjika, na lilikuwa meta 33 juu ya maji! Vyuma vimepindwa, majani yameng'olewa hata juu zaidi. James Ducat na Thomas Marshall walitoka na buti na makoti ya mvua. Koti la Donald McArthur lilibaki ndani. Alitoka na shati tu, mu baridi ya Desemba. Muirhead akaandika: walienda kufunga kamba, wimbi likawabeba.

Juu ya nini waende mu dhoruba? Inaandikwa kama Marshall alikwisha kulipishwa faini ya shilingi 5 kwa vyombo vilivyochukuliwa na bahari. Mwenye amekatwa mshahara juu ya nyundo iliyopotea anaelewa.

Na McArthur hakuwa wa kudumu: alishika nafasi ya mlinzi mgonjwa, sawa jornalier wetu. Sheria ilisema mmoja abaki ndani. Sisi tunaona alisikia wenzake wanalia, akasahau koti na sheria.

Maiti hazikupatikana. Ducat aliacha bibi na watoto 4, McArthur bibi na watoto 2.

Moore na wanaume watatu wa Hesperus walibaki kisiwani, wakawasha taa usiku uleule. Walinzi waliendelea kupanda kule mpaka 1971, wakati mashine ilichukua kazi.