Kwa nini filamu hukwama katikati? Safari ndefu ya video mtandaoni

NI saa tatu za usiku. Chajio kimeliwa, familia imeketi sebuleni na filamu iliyosubiriwa wiki nzima imeanza. Katika dakika ya 20, mhusika mkuu akiwa ndio kwanza ameshika kitasa cha mlango, picha inaganda. Kijiduara kinaanza kuzunguka katikati ya kioo. Watoto wanamtazama baba, naye baba anaitazama simu yake kuona iwapo data imekwisha.

Data haijakwisha. Wala si lazima lawama zote ziiendee kampuni inayomuuzia intaneti. Baina ya mahali filamu hiyo imehifadhiwa na kioo cha runinga pana mlolongo mrefu wa mitambo, nyaya na programu, na yoyote miongoni mwao ikiyumba, mtazamaji huona kijiduara kile kile.

Huduma za kutazama filamu wakati wowote autakao mtu zimezoeleka nchini kiasi kwamba wengi hudhani kuanzisha moja ni suala la kununua seva na kupakia filamu. Watengenezaji filamu wa Riverwood, waliozoea kuuza kazi zao katika santuri za DVD kwenye maduka ya River Road jijini Nairobi, walishuhudia soko hilo likiporomoka, na baadhi yao huuliza kwa nini wasiwe na huduma yao wenyewe. Swali hilo ni la haki. Jibu lake linaanzia katika hesabu.

Picha moja ya runinga ya ubora wa juu ina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, yaani zaidi ya nukta milioni mbili. Kila nukta huhitaji biti 24 kueleza rangi yake. Ili jicho lione mwendo usiokatika, sharti picha 25 hivi zipite kila sekunde. Ukizidisha tarakimu hizo utapata biti bilioni 1.24 kwa sekunde moja tu. Filamu ya saa moja u nusu ingejaza takriban gigabaiti 840. Hakuna bando la simu linaloweza kuhimili mzigo huo, na kwa hakika hakuna nyumba ya kawaida ambayo intaneti yake ingeuleta kwa wakati.

Kwa hivyo kazi ya kwanza ni kubana. Mathalan, katika onyesho la wazee wawili wakizungumza kando ya ukuta, ukuta hausogei. Programu ya kubana huutuma ukuta huo mara moja, kisha katika picha zinazofuata hutuma tu yale yaliyobadilika: midomo, mikono, kivuli. Vilevile hutupa maelezo madogo madogo ya rangi ambayo jicho la binadamu haliyatambui vyema. Kwa njia hii, mkondo wa biti bilioni 1.24 hupunguzwa hadi megabiti tano hivi kwa sekunde, yaani mara 250, na mtazamaji asijue kilichoondolewa. Saa moja ya filamu hiyo itakula gigabaiti 2.25.

Mfumo wa kubana uliotawala kwa muda mrefu, H.264, uliidhinishwa mwaka wa 2003. Ulifuatwa na HEVC mwaka wa 2013 na AV1 mwaka wa 2018, ambayo hubana zaidi bila kuharibu picha. Hata hivyo, kadiri mfumo unavyobana zaidi ndivyo unavyohitaji nguvu zaidi za kufungua, na simu nyingi za bei nafuu hazina kifaa cha kuifanya kazi hiyo. Ikilazimishwa, simu hupata moto na betri huisha upesi. Mwenye huduma hana budi kuiandaa filamu moja kwa mifumo kadhaa, ya simu kuukuu na ya runinga mpya.

Isitoshe, kwa kila mfumo filamu hutayarishwa katika ngazi mbalimbali za ubora, kutoka ile hafifu ya kutazamwa kwenye simu hadi ile angavu ya runinga kubwa. Kampuni ya Netflix ya Marekani, ambayo ndiyo mfano unaofahamika zaidi, ilieleza mnamo Desemba 2015 kwamba ilikuwa imeacha kutumia ngazi zile zile kwa filamu zote. Katuni yenye rangi chache tulivu hubanika kwa wepesi, ilhali filamu ya vita, yenye moshi na vumbi, hukataa kubanwa. Tangu hapo kila filamu ikapimwa na kupewa ngazi zake, mithili ya fundi cherehani anayempima kila mteja badala ya kushona nguo za saizi moja.

Hatua inayofuata ndiyo iliyoleta mageuzi makubwa zaidi, ingawa wachache huifahamu. Filamu haitumwi nzima. Hukatwa vipande vya sekunde chache, kwa kawaida baina ya mbili na kumi, na kila kipande huwepo katika kila ngazi ya ubora. Programu iliyo ndani ya simu au runinga huomba kipande kimoja baada ya kingine, ikipima kila mara kilichukua muda gani kufika. Kikifika upesi, huomba kinachofuata katika ngazi ya juu. Kikichelewa, hushuka ngazi. Apple ilitoa utaratibu wake wa aina hii mwaka wa 2009, na kanuni ya kimataifa iitwayo DASH ikachapishwa mwaka wa 2012.

Ndiyo sababu filamu huanza ikiwa na ukungu kisha ikang'aa baada ya sekunde kadhaa. Programu huanza kwa tahadhari, ikikusanya akiba ya vipande kabla ya kuthubutu kupanda. Akiba hiyo ikikauka, kijiduara hujitokeza. Anayeamua yote haya ni kifaa kilicho mkononi mwa mtazamaji, wala si seva iliyo mbali, na kuiandika programu ya kukadiria vyema ni kazi inayowakosesha wahandisi usingizi. Ikiwa na pupa, picha itaganda kila mara. Ikiwa na woga, mteja aliyelipia ubora wa juu ataonyeshwa ukungu usiku kucha.

Lakini hata programu yenye busara haiwezi kuushinda umbali. Netflix, iliyoasisiwa mwaka wa 1997 na Bw Reed Hastings na Bw Marc Randolph kama kampuni ya kukodisha DVD kwa posta, ilianza kupeperusha filamu mtandaoni mwaka wa 2007. Mwanzoni ilikodi mitambo ya kampuni nyingine kusambaza filamu hizo. Mwaka wa 2012 ilitangaza mpango wake yenyewe, Open Connect: masanduku yaliyosheheni diski, ambayo kampuni za intaneti hupewa bila malipo ziyaweke ndani ya vituo vyao. Kila usiku, watu wakiwa wamelala na nyaya zikiwa na nafasi, masanduku hayo hujazwa filamu zinazokadiriwa kutazamwa zaidi kesho yake katika eneo hilo. Mtazamaji anapobonyeza, filamu hutoka mtaa wa pili, si ng'ambo ya bahari.

Wakenya wana sababu ya kulielewa suala hili kuliko wengi. Mwishoni mwa miaka ya 1990, barua pepe kutoka ofisi moja ya Nairobi kwenda ofisi nyingine ya barabara iyo hiyo ilipaa hadi kwenye setilaiti, ikatua ng'ambo, kisha ikarejea kwa njia iyo hiyo. Kampuni za intaneti zilipofungua kituo chao cha kubadilishana mawasiliano humu nchini, KIXP, mnamo Novemba 2000, hawakufika mbali. Telkom Kenya, iliyokuwa na ukiritimba wa mawasiliano ya kimataifa, ililalamika, na kituo kikafungwa kwa amri ya serikali majuma machache baadaye. Kilifunguliwa tena Februari 2002. Bila vituo vya aina hiyo, ambako mitandao ya kampuni mbalimbali hukutana, hifadhi za filamu za humu nchini zingekuwa na manufaa haba.

Kisha zikaja nyaya za baharini. SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka wa 2009, na EASSy ikafuata mwaka wa 2010. TEAMS peke yake inaunganisha Mombasa na Fujairah, katika Milki za Kiarabu, umbali wa karibu kilomita 5,000. Nyaya hizi zilipunguza utegemezi wa setilaiti, lakini nazo hukatika. Mei 2024, EASSy na SEACOM ziliharibika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikazorota kote Afrika Mashariki. Siku kama hizo, tofauti kati ya huduma yenye hifadhi humu nchini na isiyo nayo huonekana bila darubini.

Pana pia tatizo la mitambo kuanguka yenyewe. Mnamo Agosti 2008, hifadhidata kuu ya Netflix iliharibika na kwa siku tatu kampuni hiyo ikashindwa kutuma DVD kwa wateja. Viongozi wake waliamua kuhamisha shughuli zao hadi kwenye tarakilishi za kukodi za Amazon, kampuni ambayo, ajabu ya mambo, ni mshindani wao katika biashara ya filamu. Uhamisho huo ulichukua zaidi ya miaka saba, ukakamilika Januari 2016.

Nako kukodi hakukuleta amani kamili. Usiku wa kuamkia Krismasi ya 2012, hitilafu katika mitambo ya Amazon iliwaacha wateja wengi wa Marekani bila filamu, usiku ambao familia nyingi zilikuwa nyumbani. Hata kabla ya hapo, wahandisi wa Netflix walikuwa wamebuni programu waliyoipa jina la tumbili, ambayo kazi yake ni kuzima seva za kampuni kiholela wakati wa kazi, ili kila sehemu ya mfumo ijifunze kuendelea bila mwenzake.

Kuhusu ulinzi wa filamu, itoshe kusema kwamba kampuni kubwa za filamu haziruhusu kazi zao zipeperushwe bila kufuli za kidijitali, na kufuli hizo si za aina moja: Google ina yake, Apple yake na Microsoft yake. Mwenye huduma hulazimika kuzitumia zote.

Suala la malipo na gharama ya data ndilo lililozielemea huduma za Kiafrika. Netflix ilipofika Kenya Januari 2016, miongoni mwa mataifa 130 yaliyofunguliwa siku moja, ilihitaji kadi ya benki katika nchi ambayo watu wake hulipa kwa M-Pesa. Mnamo Septemba 2021 kampuni hiyo iliwapa Wakenya wenye simu za Android huduma ya bure yenye sehemu ya filamu zake. Ikaifunga Novemba 2023.

Buni TV, iliyoanzishwa Nairobi mwaka wa 2012 kuonyesha filamu za Kiafrika, ilinunuliwa mwaka wa 2016 na kampuni ya Trace ya Ufaransa. Nchini Nigeria, iROKOtv iligundua kwamba gharama ya data iliwatisha wateja kuliko ada ya huduma yenyewe. Iliacha kutegemea upeperushaji wa moja kwa moja barani, ikawapa wateja programu ya kupakua filamu kwenye simu na hata ikaweka vibanda ambako mtu angejaziwa filamu bila kutumia data yake. Mtu anaweza kusema huko ni kurudi kwenye duka la santuri. Labda, lakini filamu zilitazamika hadi mwisho.

Kwa mtengenezaji wa Riverwood, mengi kati ya haya yanaweza kukodiwa leo: mitambo ya kubana, seva, kufuli na usambazaji. Hana haja ya kuwa na wahandisi wake mwenyewe. Ila tofauti moja na DVD inabaki. Santuri ikishauzwa, mnunuzi angeitazama mara mia bila kumgharimu muuzaji hata senti. Mtandaoni, kila utazamaji hulipiwa usafiri upya. Filamu ya dakika 90 katika ubora wa wastani wa simu, megabiti moja kwa sekunde, ni megabaiti 675. Ikitazamwa na watu 10,000, huwa ni gigabaiti 6,750 za kusafirishwa, na ankara huja iwe watazamaji hao wamelipa au wametazama kwa majaribio ya bure.

Ndiyo maana wengi wao huishia kuziweka filamu zao YouTube, ambako Google hubeba gharama zote za kubana, kuhifadhi na kusafirisha, kisha hubaki na asilimia 45 ya mapato ya matangazo yanayoonyeshwa kwenye video zao.