Sumu ya Risasi na Urithi wa Damu
Fundi anayefungua betri kuukuu za magari, iwe Gerezani au Kariakoo, hurudi nyumbani na vumbi la madini ya risasi kwenye nguo. Mbona mtoto mmoja hudhurika kuliko nduguye? Pengine ni urithi. Risasi hukamata kimeng'enya kinachosaidia kutengeneza damu. Umbo lake tunalirithi kwa wazazi, na aina mojawapo hushika risasi zaidi. Lakini hakuna aliyezaliwa na kinga, wala kiasi kisicho na madhara. Basi tusingoje kuona nani ataugua. Baba aoge na kubadili nguo kabla ya kumbeba mtoto. Tuwape watoto dagaa na maharage, maana mwili wenye upungufu wa madini ya chuma hufyonza risasi zaidi. Mtoto akipungukiwa damu, mpelekeni hospitali, mweleze na kazi ya baba.