JE, WAJUA? "Maziwa ya Ngamia" hayana mwenyewe

Tuseme mama auzaye maziwa ya ngamia Habaswein, Kaunti ya Wajir, anataka kusajili maneno "Maziwa Safi ya Ngamia" yawe alama yake ya biashara. Huko KIPI, taasisi inayosajili alama hizo Kenya, huenda akakwama. Maneno hayo yanataja tu kilichomo ndani ya dumu, na kila muuzaji anayahitaji. Hata akiandika kwa Kisomali, *Caano Geel*, maana ni ileile.

Kifungu cha 12 cha Sheria ya Alama za Biashara, Sura ya 506, hukubali neno la kubuni, au lisilogusa moja kwa moja sifa na ubora wa bidhaa. Majina ya mahali na ya ukoo nayo hutiliwa shaka, kwa hiyo "Habaswein" pekee haitoshi.

Njia ipo: abuni neno jipya, au athibitishe kwamba wateja wamekwisha kulitambua jina hilo kuwa lake. Likisajiliwa, hulindwa miaka 10, kisha huhuishwa.