Mofini na Dhiki ya Kukosa Pumzi

Kiabakari, katika Wilaya ya Butiama, palikuwa na mgodi wa dhahabu uliofungwa katika miaka ya 1960, na mkoani Mara wachimbaji wadogo wangali wakiponda mawe. Mawe yenye dhahabu aghalabu yana silika. Yakipondwa makavu, vumbi lisiloonekana kwa macho hupenya ndani kabisa ya mapafu na kuacha makovu. Ugonjwa huo, silikosisi, hauponi.

Mgonjwa aliyefikia hatua ya mwisho huhema hata akiwa ameketi. Shina la ubongo hupima hewa ya ukaa iliyomo katika damu. Ikizidi, huiamuru misuli ya kifua ifanye kazi zaidi. Mapafu yaliyokakamaa hayawezi kuitika. Tofauti baina ya amri na pumzi ipatikanayo ndiyo mtu huihisi kama kukosa hewa, na hofu huzidisha kuhema.

Mofini, dawa itokanayo na afyuni, haifungui mapafu hayo. Hufanya kazi katika ubongo: hulegeza ile amri na kutuliza hofu. Wengi huiogopa kwa kuwa huweza kuzuia pumzi, na kwa kipimo kikubwa ni kweli. Ndiyo maana mganga huanza na miligramu chache za kunywa, akaongeza taratibu. Kwa vipimo hivyo, usumbufu wa kawaida ni usingizi, kichefuchefu na hasa kufunga choo. Dawa ya kulainisha choo hutolewa tangu siku ya kwanza.

Je, inasaidia kweli? Mwaka 2003 watafiti wa Australia waliwapa mofini wagonjwa 48, wakaona nafuu. Jaribio jingine la huko, lililochapishwa mwaka 2022, lilihusu watu 156 wenye ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa. Halikuona tofauti ya maana. Hao, lakini, hawakuwa katika siku zao za mwisho. Kwa hiyo mofini haifai kupewa kila atwetaye, bali yule ambaye njia nyingine zimeshindwa kumsaidia. Miongoni mwa njia hizo ni kuketi akiinamia mbele na kupepewa usoni, jambo ambalo jamaa yeyote aliye kando ya kitanda anaweza kulifanya.

Nchini Tanzania, Taasisi ya Saratani Ocean Road huchanganya unga wa mofini na maji, ikawa dawa ya kunywa isiyo ghali. Nchini Uganda, tangu mwaka 2004, wauguzi waliofunzwa tiba shufaa huruhusiwa kuiandika, hivyo mgonjwa wa kijijini halazimiki kumngoja daktari.