Jinsi mafuta mwilini yanavyochochea uchungu wa uzazi

MAMA mja mzito anapohisi tumbo likikaza na kulegea, huwa misuli ya nyumba ya uzazi imepokea amri. Ajabu ni kwamba sehemu kubwa ya amri hiyo hutokana na mafuta.

Kila seli mwilini imezungukwa na utando uliojengwa kwa mafuta. Miongoni mwake mna asidi ya arakidoni, ambayo hupatikana katika nyama na mayai, au hutengenezwa na mwili kutokana na mafuta ya mimea. Asidi hiyo inapobanduka kutoka kwenye utando, vimeng'enya huigeuza kuwa kemikali ziitwazo prostaglandini.

Kemikali hizi hufanya kazi karibu na pale zinapoundwa, kisha huvunjwa upesi. Katika uzazi, mbili ndizo zenye uzito. Prostaglandini E2 hulainisha mlango wa uzazi ili upate kufunguka. Nayo F2 alfa huongeza kalsiamu ndani ya seli za misuli, na misuli ikajikaza.

Mbona basi uchungu hauji mwezi wa tano? Homoni ya projesteroni huituliza misuli. Isitoshe, ngozi ya nje ya mfuko wa maji ya mtoto ina kimeng'enya kinachoharibu prostaglandini kabla hazijaifikia misuli. Siku zinapotimia, ulinzi huo hulegea, prostaglandini huzidi, na uchungu huanza.

Hatari ni pale ulinzi unapovunjika mapema. Bakteria wakiingia katika nyumba ya uzazi, kinga ya mwili hupambana nao na wakati huo huo kuchochea prostaglandini, hata mtoto akazaliwa kabla ya wiki 37. Ndiposa mja mzito mwenye homa, maumivu anapokojoa au uchafu wenye harufu mbaya hapaswi kungoja siku ya kliniki.

Kuna hatari nyingine katika duka la dawa. Ibuprofen na diclofenac hutuliza maumivu kwa kuzuia utengenezaji wa prostaglandini, ilhali mtoto tumboni anazihitaji. Mnamo 2020, mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba kuanzia wiki ya 20 dawa za aina hii zaweza kudhuru figo za mtoto na kupunguza maji yanayomzunguka. Zikitumiwa mwishoni mwa mimba, zaweza pia kuziba mapema mshipa muhimu karibu na moyo wake. Aspirin ya kipimo kidogo, ambayo daktari huagiza kuzuia kifafa cha mimba, ni suala tofauti. Mama asiiache bila ushauri.

Afrika Mashariki ina sehemu yake katika elimu hii. Mwaka wa 1968, Sultan Karim na wenzake wa Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, walichapisha matokeo ya kutumia F2 alfa kuanzisha uchungu kwa wanawake.

Leo misoprostol, dawa iliyoundwa kwa mfano wa prostaglandini, huokoa akina mama wanaovuja damu baada ya kujifungua, kwa kuikaza nyumba ya uzazi. Haihitaji jokofu, hivyo hufaa zahanati za mashambani. Lakini ikitumiwa kiholela kabla ya kujifungua, yaweza kupasua nyumba ya uzazi.

Kwa hivyo, mja mzito asinunue kidonge chochote cha maumivu kabla ya kumwambia muuguzi au mwuza dawa umri wa mimba yake.